Zimeota Haraka

Hapa Sakata theluji haianguki, hupita kwa ubavu,
na watu wakikutana kona ya benki
hawaulizani habari za moyo.
Wanaulizana habari za nywele.

Miaka thelathini na mmoja nimeshika mkasi.
Duka la baba, kiti cha baba, kioo cha baba.
Ufa wa kioo ni wangu:
nilirusha brashi ya sabuni
siku niliyoambiwa chuo basi, shika kitana.
Tangu hapo nimeisikia sentensi moja
ikiingia mlangoni na nguo tofauti kila siku.

"Nywele zako zinaota haraka,"
vijana wa bandarini humwambia mwenzao
wakichekea puani.
Maana yake: tunajua unachowaza usiku.
Wahenga wetu walisema nywele za mwenye ashiki
hazingoji mwisho wa mwezi.
Kijana huiva hadi masikioni,
nami hungoja wekundu ushuke
ndipo nipitishe wembe.

Mama akimwambia binti yake,
kashika ncha za nywele kama anayepima kitambaa,
maana yake: polepole, mwanangu,
bado sijazoea kukutazama kwa kuinua shingo.

Mwenye nyumba akimwambia mpangaji,
maana yake ni kodi.
Sijui kwa nini. Ila Bwana Kurokawa
hulipa kesho yake asubuhi.

Na rafiki akimwambia rafiki,
"Aa, zimeota haraka hizi!"
hazikuota haraka.
Ni yeye hakuja kumwona tangu msiba,
na aibu imetafuta pa kushika.

Sasa huyu Bwana Shigematsu.
Kila baada ya siku tisa, saa nne kamili,
anafuta viatu mara mbili, anaketi.
Sioni cha kukata.
Nakata hewa. Nakata kwa sauti,
kra, kra, nyuma ya sikio lake la kulia
lile linalosikia bado.
"Zako zinaota haraka kweli," namwambia.
"Ukoo wetu tuko hivyo," anajibu, macho kayafumba.
Mkewe alifariki mwaka wa tetemeko.
Nyumba ile haina mkono mwingine
wa kumgusa kichwa.
Basi namwosha nywele mara mbili,
na namtoza mara moja.

Kinyozi hajinyoi, husemwa.
Mimi nilinyolewa na dawa.
Machi, chupa ikining'inia juu yangu hospitalini,
nywele zilibaki kwenye mto
kama paka aliyeamka akaenda zake.
Nikageuza kibao cha duka: Limefungwa.
Usiku wa Aprili niliota ninazo, ndefu, nzito, zimelowa mvua;
nikaamka nikapapasa, ngozi.

Agosti zikaota.
Milimita chache, laini, rangi ya vumbi.
Nikafungua dirisha nikakaa kuota jua,
kofia ya sufu kichwani, joto lile, kwa ukaidi tu.

Akaja saa nne kamili.
Nywele zimemfunika kola,
zimemwagika mabegani, nyeupe, za ajabu,
kama mtu aliyeokolewa kisiwani.
Miezi mitano, na mjini kuna vinyozi sita.
Sikumuuliza. Hakunieleza.
Akavua kofia yake, mimi nikavua yangu,
tukatazamana ndani ya kioo,
ufa ukipita katikati,
upande mmoja msitu, upande wa pili umande.

Daktari alinipa hesabu:
sentimita moja kwa mwezi, kidogo zaidi, kidogo pungufu,
mwenye ashiki na asiye nayo.
Nilipima kwa rula kila Jumapili. Yangu ilikuwa pungufu.

"Bi Kinue," akasema, akikohoa kwanza,
"zako zinaota haraka."

Uongo ule niliupokea kwa mikono miwili.
"Ukoo wetu tuko hivyo," nikasema.
Nikakung'uta shuka, nikamfunga shingoni.
Siku hiyo, angalau,
nilikuwa na cha kukata.